Tope la Tana na Kutu ya Pikapu

Hola iko zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini. Mvua yake ni haba, jua lake halina simile, na miezi mingi ya mwaka vumbi ndilo linalotawala. Mgeni aaminiye kwamba kutu huletwa na maji na chumvi angetarajia magari ya mji huu yazeeke kwa kupauka rangi tu. Lakini jiingize chini ya Land Cruiser ya miaka ya 1990 inayobeba watu na magunia kati ya Hola na Wayu, uigonge chasisi yake kwa nyundo, na vipande vyekundu vitadondoka mchangani. Juu inang'aa. Chini imeoza.

Mkosaji hapa ni tope kuliko mvua.

Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hushuka na udongo kutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, na kila unapofurika huutandaza kwenye mbuga za Bura, Hola na Garsen. Ukilowa, udongo huo hunata na kuvimba. Magurudumu huurusha hadi mahali ambapo jicho la mwenye gari halifiki: juu ya vizingiti vya milango, nyuma ya taa, ndani ya madigadi, na zaidi ya yote ndani ya chasisi. Chasisi ya pikapu nyingi ni mihimili miwili mirefu ya chuma yenye uwazi ndani. Kiwandani huachiwa matundu ili maji yaingiayo yapate pa kutokea. Tope likiyaziba, mhimili unageuka mfereji usio na njia ya kutokea. Nje gari linakauka kwa siku moja ya jua la Hola. Ndani ya mhimili unyevu unakaa wiki kadhaa, na mvua nyingine inaukuta bado haujaisha.

Chuma hakihitaji zaidi ya hapo. Kikipata maji na oksijeni pamoja kinaanza kuliwa, na tope lenye unyevu linakipa vyote viwili, taratibu, usiku na mchana. Chumvi haianzishi kutu, ila huiharakisha, kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha vizuri zaidi ule mkondo mdogo wa umeme unaohamisha chembe za chuma. Na chumvi Hola haikosekani, ingawa bahari iko mbali. Kwanza kuna mifugo. Pikapu inayopeleka mbuzi au ndama kwenye soko la Garsen hurudi na mkojo uliopenya kwenye viungo vya karai, yaani kisanduku cha nyuma cha mzigo, na mkojo una chumvi. Ukikaa hutoa pia amonia. Pili kuna safari za Malindi. Barabara itokayo Garsen kuelekea huko hupita Marereni na Gongoni, penye mashamba makubwa ya chumvi, na gari lililobeba magunia ya chumvi mara moja hubaki na punje zake kwenye nyufa hata baada ya mzigo kushushwa. Anayerudi na samaki na barafu iliyoyeyuka naye amebeba chumvi yake.

Ubaya mwingine wa kutu ni kwamba hujivimbisha. Chuma kikigeuka kutu hutanuka mara kadhaa kuliko kilivyokuwa, kwa hiyo pale mabati mawili yalipolaliana na kuchomelewa kiwandani, kutu iliyo katikati huyasukuma yaachane. Rangi inapasuka, maji yanapata mlango mpana zaidi. Tabaka la kutu lenyewe halikingi kitu. Ni laini, lina vinyweleo, na hushika unyevu. Ndiyo maana kinachoonekana juu ya rangi, kile kipele kidogo cha rangi ya machungwa chini ya dirisha, mara nyingi ni mwisho wa habari. Mwanzo wake ulikuwa upande wa ndani, miaka mingi iliyopita.

Ni haki kuuliza kwa nini mtu asilitupe gari la namna hiyo akanunua jingine. Jibu liko kwenye hesabu. Pikapu mpya ya Land Cruiser, ambayo huku Kenya huunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, bei yake ni mamilioni ya shilingi. Magari yaliyotumika kutoka nje nayo yana mpaka: kwa kanuni za viwango za Kenya, lenye umri wa zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Kwa hiyo magari ya kazi yaliyo makongwe kweli ni yale yaliyokwisha kuwamo nchini, na hayo hayaongezeki. Yanatengenezwa.

Bonde la Tana limepokea mengi ya aina hiyo. Mradi wa kumwagilia maji wa Hola ulianzishwa mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari ya enzi za ukoloni, kwa nguvu za mahabusu ambao baadhi yao waliuawa pale kambini mwezi Machi 1959. Baadaye ukaja mradi mkubwa wa Bura, uliogharimiwa kwa sehemu na Benki ya Dunia, kisha mashamba ya mpunga ya TARDA, mamlaka ya serikali ya kuendeleza bonde hili, kwenye delta karibu na Garsen. Mto ulipohama njia yake mwaka 1989, mashamba ya Hola yalikosa maji. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 nayo yakaharibu kazi ya mpunga kule chini. Miradi ya namna hii haiendi bila magari, na magari ya serikali na mashirika yakichoka hutolewa kwa mnada. Mnunuzi anapata injini ya dizeli isiyojua kufa juu ya chasisi isiyojulikana hali yake. Na gari lililosimama uani miaka miwili huku tumbo lake limejaa tope huoza kuliko lile lililokuwa likitembea.

Hapo ndipo puti inapoingia.

Puti ni kitu kizuri kikitumika kwa kazi yake, yaani kusawazisha mabonde madogo juu ya bati zima kabla ya rangi. Kuziba tundu la kutu kwa puti ni kazi nyingine. Kuna gereji zinazosokota gazeti au kitambaa, zikakisukumia ndani ya tundu, zikapaka puti juu, zikapiga msasa na kumwaga rangi. Jioni gari linapendeza. Lakini puti hunyonya maji, gazeti hunyonya zaidi, na bati lililoizunguka limebaki na kutu yake. Zikija masika mbili tatu kiraka kinadondoka chenyewe barabarani, na tundu sasa ni mara mbili ya lile la mwanzo. Afadhali tundu lililoachwa wazi. Walau lenyewe hukauka. Anayeuza gari lenye viraka vya puti kwenye vizingiti na nguzo za milango anamuuzia mwenzake hatari, kwa sababu hizo ndizo sehemu zinazotakiwa kumlinda abiria gari linapopinduka.

Matengenezo ya kweli huanza kwa maji. Karai hufunguliwa bolti zake na kushushwa, mazulia na viti hutolewa, kisha pampu ya maji yenye nguvu huelekezwa kwenye kila tundu la chasisi hadi yanayotoka yawe meupe. Kwenye gari lililoishi mbugani kazi hii pekee huweza kula asubuhi nzima, na tope linalotoka hujaza karai la zege zaidi ya moja. Gari likishakauka, fundi hupita na nyundo ndogo na bisibisi ya zamani. Chuma kizima kikigongwa hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi hupenya. Kila panapopenya panawekwa alama ya chaki. Ni vyema mwenye gari awepo wakati huo, aone kwa macho yake, maana bei inayotajwa kabla ya chaki ni ya kubahatisha, na ugomvi mwingi wa gereji huzaliwa hapo.

Kabla cheche ya kwanza haijaruka, betri hufunguliwa na tangi la mafuta huondolewa. Wengi huamini kuwa tangi tupu ni salama. Ni kinyume: tangi lililobakiwa na mvuke wa petroli hulipuka upesi kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ukichanganyika na hewa ndio unaowaka. Onyo hilohilo linahusu mapipa.

Na mapipa yanastahili kusemwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndiyo duka la bati la fundi wa mji mdogo. Bodi ya pikapu ya zamani imeundwa kwa bati la karibu milimita moja. Mabati ya kuezekea nyumba, ambayo kila duka la Hola linayo, ni ya geji 30 au 28, yaani thuluthi ya unene huo. Ukiyachomelea yanatoboka, na ukifanikiwa bado hayana nguvu. Lakini pipa la mafuta la lita 200 lina ukuta wa karibu milimita moja, wa chuma laini kinachokubali kukunjwa kwa nyundo. Likipasuliwa na kunyooshwa hutoa kipande kikubwa cha kutosha sakafu ya upande wa dereva na vizingiti vyote viwili. Mafundi wa jua kali wa Afrika Mashariki walitambua hili zamani. Majiko, masanduku na hata vitanda vimetoka kwenye mapipa hayohayo. Cha kukumbukwa ni kwamba pipa lisikatwe kwa gesi wala grinda kabla ya kuoshwa vizuri kwa maji ya moto na sabuni na kuachwa wazi. Patasi na nyundo ni salama zaidi, ingawa majirani hawazipendi.

Kisha ukataji. Kosa la kawaida ni kukata kidogo kwa huruma. Kutu iliyobakizwa sentimita mbili pembeni ya kiraka itakila kiraka kabla ya rangi kupauka. Grinda hufuata mstari ulio nje kabisa ya sehemu mbovu, mpaka ukingo wa bati ung'ae pande zote mbili, juu na chini. Na mahali panapokatwa pakiwa ni kizingiti au nguzo ya mlango, vipande vya bomba huchomelewa kwanza kwa muda kukingama uwazi wa mlango. Bila kushikiliwa hivyo bodi hulegea milimita chache tu, na milimita hizo zinatosha kuufanya mlango usifunge tena. Mafundi wengi wamejifunza hili baada ya kumaliza kazi safi na kukuta kitasa hakifiki tunduni.

Kiraka hupimwa kwa karatasi ya boksi. Boksi hukatwa, hukunjwa, hujaribiwa, hukatwa tena, mpaka likae bila kulazimishwa. Ndipo umbo lake huhamishiwa kwenye bati, likakunjwa juu ya chuma cha pembe. Hapa ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Kizingiti cha Land Cruiser kina mikunjo kadhaa, na kila mkunjo una kazi ya kukipa nguvu. Anayekitengeneza bapa ameokoa nusu saa na kupoteza sehemu kubwa ya uimara.

Kuchomelea bati jembamba kunahitaji subira. Mashine ya rodi, ambayo ndiyo iliyoenea kwa kuwa hutumika hata kwa jenereta na haihitaji mitungi, ina moto mkali kwa bati la milimita moja, hutoboa. Gesi ya oksijeni na asetilini ni nzuri kwa mkono mwepesi, lakini hupasha eneo kubwa na kulifanya bati lijikunje mawimbi. Mashine ya waya, iitwayo mig, ndiyo bora kwa kazi hii, na sasa inaonekana hata kwenye miji midogo. Iwe ipi, kanuni ni moja: vidoti vidogo, kimoja huku na kingine upande wa pili, huku bati likiachwa lipoe katikati yake, halafu mapengo yajazwe polepole. Mstari mrefu wa mfululizo hupendeza kwenye geti la chuma. Kwenye mlango wa gari unaukunja.

Chasisi ni habari nyingine kabisa, na hapa fundi wa bodi anapaswa kujua mpaka wake. Bodi iliyooza huaibisha. Chasisi iliyooza huua. Mihimili yake ina unene wa milimita mbili hadi tatu na zaidi, na ndiyo inayobeba springi, usukani na mzigo wote. Kiraka kinachowekwa juu ya kutu hakina kitu cha kushikilia. Kwa hiyo kuta zilizooza hukatwa, na bamba lenye unene sawa na wa kiwandani ndilo huchomelewa. Bamba la kuimarisha hukatwa kwa umbo la almasi au pembe zenye kulala, wala halimaliziwi kwa mstari wima uliokata mhimili, kwa sababu mpasuko ukianza huufuata mstari huo moja kwa moja. Kingo za juu na za chini za mhimili, ambazo hubeba mvutano mkubwa zaidi gari linaporuka shimo, haziguswi na moto bila sababu. Kutu ikishakula zile sehemu ambapo vishikio vya springi vimeshika, au ikienea zaidi ya nusu ya urefu wa mhimili, fundi mwaminifu humwambia mwenye gari atafute chasisi nyingine.

Humwambia pia asiguse namba. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984 na unaoendelea kuundwa mpaka leo, namba ya chasisi imegongwa kwenye mhimili wa kulia, mbele, karibu na gurudumu. Ndiyo namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Grinda ikipita hapo katika kusafisha kutu, mwenye gari halali anajikuta akijieleza kwa polisi kana kwamba ni mwizi, na wakaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, hawatapitisha gari ambalo namba yake haisomeki. Chasisi ikibadilishwa yote, mabadiliko hayo ni lazima yaingizwe kwenye kumbukumbu za usajili kabla ya gari kurudi barabarani.

Land Rover za zamani, ambazo baadhi yake ziliunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland, zina kitendawili chao. Gari hilo lilizinduliwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ikiwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita, na kwa hiyo bodi yake ikaundwa kwa aloi ya alumini. Alumini haipati kutu nyekundu. Wengi walihitimisha kuwa Land Rover haiozi. Kumbe chasisi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na dereva, ule unaobeba bawaba za milango na kioo cha mbele, nao ni wa chuma. Huoza vibaya, hasa sehemu za chini, na bodi ya alumini hubaki imekaa juu yake kama nguzo iliyoliwa na mchwa ndani huku rangi ikiwa nzima. Tena, pale alumini inapogusana na chuma na unyevu ukawepo, metali hizo mbili hutengeneza betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa: unga mweupe chini ya rangi, kuzunguka kila bolti. Fundi akirudisha paneli ya alumini juu ya chuma bila kuweka kitu katikati, iwe ukanda wa raba au tabaka nene la gundi ya kuzibia, ameiwekea siku ya kurudi. Vipande vyenyewe havichomelewi kwa rodi za kawaida. Hushikwa kwa riveti, na riveti ziwe za alumini.

Baada ya moto huja kinga, na hapa ndipo haraka huharibu kazi nzuri. Chuma kilichong'arishwa asubuhi karibu na mto huanza kubadilika rangi usiku uleule. Praima ipakwe siku hiyohiyo. Praima ya redoksaidi ambayo kila duka la vifaa huiuza ina vinyweleo na hupitisha maji, kwa hiyo gari lililopakwa redoksaidi na kuachwa uani mwezi mzima likisubiri pesa za rangi linapata kutu chini ya kinga yake lenyewe. Praima yenye zinki ni ghali zaidi, lakini zinki hujitoa mhanga: huliwa kwanza, chuma kikabaki. Ni siri hiyohiyo ya mabati ya kuezekea. Huko Uingereza chasisi mpya za Land Rover huuzwa zikiwa zimetumbukizwa nzima ndani ya zinki iliyoyeyushwa, nje na ndani ya mhimili. Anayechomelea chuma chenye zinki ajue moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku huo. Mafundi wengi hunywa maziwa kabla ya kazi hiyo, na katika bonde la Tana maziwa ya wafugaji wa Kiorma hayakosekani; ni chakula kizuri, ila hayauzuii moshi kuingia mapafuni. Kinachosaidia ni kuisaga zinki kwanza pale panapochomelewa, na kufanya kazi upepo ukiwa mgongoni.

Kwa kona ambazo grinda haifiki kuna dawa za kugeuza kutu. Nyingi zina asidi ya fosforiki, ambayo huibadilisha kutu iwe tabaka jeusi lililotulia. Soda ya kola ina asidi hiyo pia, lakini kidogo mno, na sukari yake huleta sisimizi. Dawa nyingine hutumia tanini, na hapa pwani ina historia yake: magome ya mikoko yana tanini nyingi, na kwa miaka mingi yalisafirishwa kutoka Lamu na sehemu nyingine za pwani kwenda kwenye viwanda vya ngozi. Dawa hizi hazijazi tundu wala hazirudishi nguvu ya chuma kilichokwisha. Hutuliza kutu nyembamba, basi.

Ndani ya mihimili na vizingiti hapapakiki. Hupuliziwa nta maalumu, au kwa asiyeipata, girisi iliyolainishwa kwa oili safi, ikipenyezwa kwa bomba jembamba kupitia matundu yaleyale ya kutolea maji, na kurudiwa kila mwaka. Oili chafu ya injini ndiyo desturi kwa kuwa ni ya bure. Huzuia maji kwa muda, ni kweli, lakini hulainisha na kuvimbisha raba za springi, hushika vumbi likawa ganda, na hudondoka hadi kwenye mto ambao watu wa Hola wanakunywa maji yake.

Wenye magari yaliyopatwa na haya wasijione wapweke. Mwaka 2016 Toyota ilikubali huko Marekani suluhu ya kesi yenye thamani ya hadi dola bilioni 3.4, kuhusu pikapu na magari yapatayo milioni 1.5 ambayo wenyewe walidai chasisi zake hazikukingwa vya kutosha dhidi ya kutu. Kampuni haikukiri kosa. Huko chumvi hutoka barabarani, humwagwa wakati wa baridi kuyeyusha barafu. Jambo hilo linamgusa hata mnunuzi wa Kenya, maana gari lililotoka kaskazini mwa Japani, kwenye theluji ya Hokkaido, huweza kushuka bandarini Mombasa likiwa na chini nyekundu na juu kioo. Mafuriko nayo yana yake. Gari lililozama, na bonde hili limeona mengi mwaka 2018, mwishoni mwa 2023 na tena Aprili 2024, wakati basi lenye abiria 51 liliposombwa Tula kwenye barabara ya Garissa na Nairobi na wote wakaokolewa, hubeba tope mpaka ndani ya milango na dashibodi. Likiuzwa kwa bei ya kutupa, bei hiyo ina sababu.

Anayetaka kununua pikapu kuukuu Hola au Garsen aende na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Aipitishe kwenye vizingiti na chini ya milango: kwenye chuma hushika, kwenye puti huteleza. Kwenye Land Rover sumaku hiyo haimfai, kwa kuwa alumini nayo haishiki sumaku. Huko atumie vidole na bisibisi kwenye ukuta wa mbele. Ainue mkeka wa sakafu. Afuate kwa mkono bomba za breki zipitazo juu ya chasisi, ambazo ni za chuma chembamba na huoza kimyakimya. Yenye vipele haifai kupakwa rangi, hubadilishwa. Achunguze kama chini kumepakwa rangi nyeusi mpya, maana hakuna apakaye lami chini ya gari wiki ya kuliuza kwa mapenzi ya gari. Mwisho achomeke waya kwenye matundu ya kutolea maji ya chasisi. Ukigonga tope gumu, aombe punguzo la gharama ya siku moja ya pampu na siku kadhaa za kuchomelea, au aangalie jingine. Na akilinunua, arudie zoezi hilo la waya kila baada ya masika na kila baada ya vuli, kabla tope halijawa jiwe.